Sweta la Siku ya Wafadhili

Wanafunzi wananiita Bi Kituo, na wanadhani sijui. Najua. Jina lenyewe halinikeri, maana limetokana na kazi yangu halisi, ile ambayo haimo kwenye barua yangu ya ajira. Kwenye barua mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kazi yangu halisi ni kuwafundisha watoto wenye akili namna ya kusimulia umaskini wao mbele ya wageni, na siri ya kazi hiyo yote iko kwenye vituo: unyamaze wapi, unyamaze kwa muda gani, na ukishanyamaza uangalie wapi.

Kila mwaka shule yetu ina Siku ya Wafadhili. Tunayapaka chokaa mawe ya njiani, tunafagia mpaka mahali asipopita mtu, kwaya inaimba majina ya waliotujengea vyoo na maabara, halafu mwanafunzi mmoja mwenye kipaji anapanda jukwaani kutoa ushuhuda. Akiutoa vizuri, anapata mtu wa kumlipia masomo. Akiutoa vibaya, anapigiwa makofi tu. Mimi ndiye ninayemwandaa, na nimeifanya kazi hiyo mpaka nimechoka, uchovu ule usiomalizwa na likizo.

Sijifanyi malaika. Kazi hiyo imezaa matunda. Yuko daktari mmoja leo anayetibu watu kwa sababu siku moja alinyamaza mahali nilipomwambia anyamaze. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba nauza aibu za watoto. Nauza, ndiyo, lakini huwa siziuzi kwa bei ya kutupa.

Sheria zangu ni chache. Usilie: mtoto akilia mgeni humpa leso, asipolia humlipia karo. Tia chumvi, ila isizidi mchuzi. Na kabla ya sentensi nzito kuliko zote, nyamaza mpaka mgeni ainue kichwa. Watu wengine wanadhani watoto wetu wamezaliwa na ufasaha. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Halafu kuna sanduku. Liko stoo, nyuma ya madawati mabovu. Ndani mna viatu vilivyoachama midomo, sketi iliyopauka, na sweta la shule lenye kiwiko kilichotoboka. Zamani sweta hilo lilikuwa la mwanafunzi kweli. Mgeni mmoja aliliona, akatoa machozi, na baada ya machozi akatoa hundi. Tangu siku hiyo Mkuu wa shule akaamuru lisitupwe. Likatunzwa kuliko vitabu vya maktaba, na kila linapotoka mimi hulitazama kwa mbali kwanza. Tundu likiwa dogo kwa watu wa viti vya nyuma, nalitanua kidogo kwa wembe.

Mwaka jana zamu ya ushuhuda ilimwangukia Nyaya. Tulimwita hivyo kwa sababu mifuko yake haikukosa vipande vya nyaya alivyookota huku na huku. Kengele yetu ya umeme ilikuwa imekufa, tukarudi kugonga chuma. Nyaya akaifungua, akaifunga, ikalia. Spika za ukumbi zilikuwa zinakoroma kama mtu mwenye mafua, akazitibu. Mwalimu wa fizikia alikuja siku moja akakaa karibu nami akipepesa macho, akasema, "Dada, huyu mtoto ananiuliza maswali ambayo inabidi niende nayo nyumbani."

Alikuwa amefaulu kwenda shule maalumu ya wenye vipaji, kule kwenye karakana na mashine za kila aina. Alikuwa ameshikiwa nafasi mpaka shule zifunguliwe. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, na mama yake ni fundi cherehani wa kupunguza nguo na kubadilisha zipu. Bila mfadhili Nyaya angebaki nyumbani kumshikia mama yake kitambaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani, wala si kitu kingine.

Shida ya Nyaya ni kwamba hakujiona maskini.

"Niambie mnavyoishi," nilimwambia siku ya kwanza ya mazoezi, kalamu mkononi.

"Tunaishi vizuri tu, mwalimu. Chumba ni kimoja, lakini kina madirisha mawili."

"Mnakula?"

"Tunakula."

"Kila siku?"

Akafikiri. "Kuna siku tulilala na maji ya sukari. Mama alisema ni dawa ya tumbo, tukacheka sana."

Nikaandika: *Kuna siku tulilala na njaa.* Kicheko nikakiacha.

Tulifanya mazoezi jioni baada ya masomo, kwenye darasa tupu lenye harufu ya chaki na vumbi. Alijifunza haraka, kama kila kitu. Sauti aliishusha nilipotaka ishuke, mikono akaiacha itulie. Kile kituo kikubwa, kabla ya sentensi ya njaa, alikishika vizuri mpaka mimi mwenyewe, niliyeyaandika maneno, nikajikuta nayasubiri. Ni siku za mwisho tu ndipo aliponikatisha.

"Mwalimu, mama atakuwepo siku hiyo. Hilo la njaa nitalisemaje mbele yake?"

"Mwangalie mgeni. Usimwangalie mama."

"Na yeye akiniangalia?"

Nikamwambia aanze tena toka mwanzo.

Asubuhi ya Siku ya Wafadhili Nyaya akaja amevaa sweta jipya. Lilikuwa la rangi ya shule hasa, limefumwa kwa mkono, mistari ya ukosi imenyooka kuliko ya yale tunayouziwa dukani. Mama yake alikuwa amelifuma kidogo kidogo, wateja wakishaondoka, mtoto asije akasimama mbele ya wakubwa akionekana kama hana mtu. Nyaya alikuwa anatembea amenyoosha mikono pembeni asilikunje.

Mkuu wa shule alimwona kabla yangu.

"Huyu anakwenda harusini?" aliniuliza. "Mgeni gani atamlipia karo mtoto aliyevaa vizuri kuliko wa kwake? Mwalimu, sanduku."

Mkuu naye si mtu mbaya. Ni mtu mwenye shule ambayo paa likivuja upande huu, upande ule ukuta unapasuka, na mkono mtupu haulambwi. Amezeeka kwa kutabasamia wageni. Ndiyo maana sikubishana naye. Nilikuwa nimechoka hata kubishana.

Nyaya alivua. Nikalikunja lile jipya, bado lina joto la mwili wake, nikalifungia kabatini kwangu. Akaingiza mikono kwenye lile la stoo, linanuka dawa ya mende. Kiwiko chake cha kulia kikatokeza nje.

"Mama ataniuliza," alisema.

"Atakuuliza baadaye, na baadaye utakuwa umeshapata mfadhili."

Mgeni wa heshima alikuwa Mzee wa Mabati. Anauza mabati, na nusu ya mapaa yetu ni msaada wake. Jina lake limeandikwa juu ya mapaa hayo kwa rangi nyekundu, ndege wajisomee. Ni mzee mpole, mwepesi wa kusinzia kwenye hotuba, na simlaumu. Tukampa saa ya ukutani kama kila mwaka. Sijui kwake anazitundika wapi. Kwaya ikamwimba, Mkuu akamsifu, naye akaitikia kwa kichwa huku kope zikimlemea.

Mama yake Nyaya alikaa mstari wa mbele na wazazi wengine. Alivaa gauni aliloshona mwenyewe, mkoba mapajani, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Mtoto alipopanda jukwaani niliona tabasamu lake likianza, halafu likasimama. Macho yake yalikwenda kwenye kiwiko, na hayakutoka hapo tena.

Nyaya akaanza. Alisema vizuri, jamani. Alisema juu ya baba, juu ya chumba kimoja, juu ya taa waliyokuwa wakiizima mapema. Madirisha mawili hakuyataja, nilikuwa nimeyafuta. Watu wakanyamaza kabisa. Mzee wa Mabati akafumbua macho. Mwanafunzi wangu akafika kwenye mlango wa ile sentensi.

"Kuna siku," alisema, akanyamaza.

Kituo changu kikubwa. Kilitakiwa kikae mpaka mgeni ainue kichwa. Mgeni akainua kichwa, na katika ukimya huo huo mama yake Nyaya akasimama.

Alipita mbele ya wageni ameinama kidogo, kama mtu anayepita katikati ya watu waliokaa na hataki kuwasumbua, akapanda ngazi za jukwaa. Mkuu alinitazama. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Samahanini, wageni wetu," alisema yule mama. "Nguo ya mtoto imechanika."

Akachomoa sindano iliyokuwa imechomekwa ndani ya ukosi wa gauni lake, uzi tayari umo, akaushika mkono wa Nyaya. Ulikuwa ndio mkono ulioshika maiki, kwa hiyo kila walichonong'onezana kilitoka kwenye spika.

"Tulia, nisikuchome."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Ndiyo maana nashona."

Akashona. Hakukohoa mtu. Spika zile alizozitibu Nyaya mwenyewe zilikuwa nzima, na uzi ukivutwa ulisikika ukumbi mzima. Mama hakuwa na haraka wala hakuwa na hasira, alishona kama yuko kwake mlangoni. Alipomaliza akaukata uzi kwa meno, akakipapasa kiwiko, akarudi nyuma kidogo kukiangalia.

"Haya, endelea. Ulikuwa unasema kuna siku."

"Kuna siku," alisema Nyaya, akakwama. Alinitafuta mimi kwa macho, akamwangalia mgeni, kisha akafanya nililomkataza. Akamgeukia mama yake. "Huyu ndiye mama yangu," alisema, na akairudisha maiki mahali pake.

Sentensi hiyo sikuiandika mimi. Na katika miaka yangu yote sijapata kuona ukumbi ukilia vile. Wazazi walilia, wapishi waliosimama mlangoni walilia, Mzee wa Mabati alitafuta leso yake akaikosa akajifuta kwa ratiba. Alisimama bila kuitwa na mshereheshaji. Alisema huyu mtoto ni wake kuanzia leo, atamlipia, mwaka kwa mwaka, na kila mwaka atakuja hapa kumwona. Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma, na katika kelele hizo hakuna aliyeyasikiliza maneno yale vizuri.

Nilifurahi. Kwanza kwa ajili ya Nyaya, na pili kwa ajili yangu, maana nilidhani nimeuona mwisho wa sanduku. Nilijiambia kwamba kumbe ukweli nao unalipa, na kwamba sasa nitastaafu bila kushika wembe tena. Watu wakitawanyika nikamfuata yule mama na sweta lake jipya mkononi. Alilipokea, akalitia mkobani, akanishukuru kwa kumfundisha mtoto kusema. Hakuniuliza kitu. Ningependa angeniuliza.

Nyaya akaenda. Taarifa zake zilikuwa zikija kwa mwalimu wa fizikia, naye akizisoma kwa sauti chumba cha walimu mpaka tukamwomba apunguze. Mtoto anaunda mtambo wa kusukuma maji. Mtoto amewekwa kundi la wakubwa zake. Lile sweta la stoo likarudi sandukuni, zima, limefungwa kiwiko kwa mshono mzuri kuliko sweta lenyewe.

Juma lililopita Mkuu akaniita ofisini. Mezani kulikuwa na ratiba ya mwaka huu. Baada ya kwaya na kabla ya chakula paliandikwa: *Mama anashona.*

Niliisoma mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

"Mzee amepiga simu," alisema Mkuu. "Anakuja na wenzake, watu wazito. Amewasimulia, na anataka waione wenyewe ile ya sindano."

"Mkuu, ile ya sindano haikupangwa."

"Basi mwaka huu ipange. Si ndiyo kazi yako?"

"Na yule mama akikataa?"

Mkuu akavua miwani, akayasugua macho. "Ahadi ni ya mwaka kwa mwaka, mwalimu. Karo ya mtoto haijaingia mpaka sasa. Mimi sijasema neno. Nakwambia tu haijaingia."

Nilikwenda stoo nikalitoa sweta, nikakaa juu ya dawati bovu na wembe mkononi. Nimelichana sweta hilo mara nyingi bila kupepesa jicho. Safari hii mkono ulikataa. Nikaufunga wembe kwenye karatasi, nikautia mfukoni, sweta nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda kwa mama yake Nyaya kwa miguu.

Chumba kweli kina madirisha mawili. Chini ya moja kuna cherehani na rundo la suruali za watu. Chini ya jingine kulikuwa na Nyaya, aliyekuja likizo, amerefuka, mbele yake redio iliyofumuliwa matumbo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Mama yake alinipa kiti kizuri, yeye akakalia kigoda, akanimiminia chai. Tuliulizana hali mpaka hali zikaisha. Halafu nikasema. Nilisema yote kwa pumzi moja, mimi Bi Kituo, bila kituo hata kimoja.

Yule mama alipitisha kidole ukingoni mwa kikombe.

"Kwa hiyo wanataka nishone."

"Ndiyo, mama."

"Nishone nini?"

Nikalitoa sweta. Alilipokea, akakitafuta kiwiko, akakitandaza juu ya goti lake.

"Siku ile nilijua si lake," alisema. "Lake nilimvalisha mwenyewe asubuhi. Nikajua limetoka kwenu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mwalimu? Niwaumbue walimu wa mwanangu mbele za watu? Mtoto amesimama pale kiwiko nje. Nikaona nifunike, yaishe."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama chai. Niliona aibu, na aibu ya utu uzima haina pa kujificha.

"Mama," alisema Nyaya bila kugeuka, "mimi sirudi kwenye lile jukwaa. Bora nikae nyumbani."

"Ukae nyumbani ufanye nini? Unishikie kitambaa?"

"Nitakushikia."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema mama yake, taratibu, kama anayejikumbusha mwenyewe. "Utalivaa. Na utasimama, na utatulia nikushone, na tukitoka pale utarudi kwenye mashine zako. Umenisikia?"

Tulisikia bisibisi ikianguka sakafuni, na Nyaya hakuiokota.

Mama akanigeukia. "Nilie, au nisilie? Wewe ndiye unayejua."

"Usilie, mama," nilisema. Nikarudia: "Usilie."

"Haya."

Nikatoa ile karatasi yenye wembe. Nilitaka angalau sehemu hiyo iwe yangu, asiiguse yeye. "Kulichana nitalichana mimi," nilisema. "Wewe usijisumbue."

Aliuangalia wembe kwenye kiganja changu, akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono kwenye cherehani akachukua mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akauingiza chini ya mshono wake mwenyewe, akakata kitanzi cha kwanza cha uzi, halafu cha pili. Kila kipande alichokichomoa alikizungusha kidoleni, maana uzi ulikuwa bado mzima.

"Wewe na wembe wako utalitanua tundu," alisema bila kuinua macho. "Na mwakani ni kushona tena, na mwaka wa pili yake. Inabidi lifike mpaka amalize shule. Hebu nishikie hapa, livutike kidogo."

Nikaweka kikombe chini, nikamshikia, akaendelea kukata.